Tumbo Likivimba, Tupimwe

Ndugu msomaji, umepata kumwona mtu aliyevimba tumbo na miguu? Wengi husema amelogwa. Huzungushwa kwa waganga, na ugonjwa unazidi.

Tumbo huvimba kwa sababu nyingi. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa miguuni na tumboni. Ini likiharibiwa na kichocho cha matumbo au na pombe, tumbo hujaa maji vile vile. Kwa macho tu ni vigumu kujua.

Kipimo cha ultrasaundi husaidia. Mpimaji hukupaka jeli nzito tumboni au kifuani. Kisha hupitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kifaa hutoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hiyo hugonga viungo vya ndani na kurudi, kama mwangwi mlimani. Mashine huigeuza kuwa picha. Moyo huonekana ukidunda. Ini, bandama, figo na maji huonekana pia.

Kipimo hiki hakiumi, wala hakitumii mionzi ya eksirei. Lakini si dawa. Ukipimwa, mpelekee daktari majibu upate matibabu.

Kwa kipimo cha ini na nyongo, kwa kawaida mtu mzima huambiwa asile kwa saa 6 hadi 8. Kipimo cha kawaida cha moyo hakihitaji kufunga.

Mgonjwa anayekosa pumzi akilala asingoje. Mpelekeni hospitali leo.

Maswali
1. Taja sababu mbili za tumbo kujaa maji.
2. Je, ultrasaundi ni dawa?