Ukingo wa mto kwenye ploti: jinsi ya kurudisha miti ya asili

Maji ya mvua kutoka mapaa na mitaro ya Tena, Umoja na Donholm huishia kwenye mito inayopita Eastlands, kisha Mto Athi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha wakazi wa Nairobi hatari ya kingo zilizojengwa au kuachwa tupu: mito ilifurika na kuingia majumbani.

Ardhi ni ya nani?
Wenye ploti wengine huogopa kwamba kupanda miti ukingoni ni kuachilia ardhi yao. Kupanda miti hakubadilishi hati ya umiliki. Sheria inadhibiti matumizi ya ukingo. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka eneo lisilojengwa wala kulimwa kila upande, lenye upana sawa na mto: angalau mita 6, lisizidi mita 30.

Kwa nini miti ya asili?
Udongo mweusi wa Eastlands hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Ukiwa tupu hubomoka. Mizizi ya mkuyu na matete huushika. Mkaratusi hukua haraka, lakini hunywa maji mengi na haufai kando ya mto.

Hatua za kufuata
1. Pima kuanzia pale maji hufika mto ukijaa, si pale yalipo wakati wa kiangazi.
2. Zoa taka, kisha ng'oa lantana sehemu kwa sehemu. Ukifyeka ukingo wote kwa siku moja, mvua ya kwanza itabeba udongo.
3. Panda matete karibu na maji, mikuyu nyuma yake, na mukinduri au mutamaiyu sehemu ya juu iliyo kavu. Mkuyu uwe mbali na kuta na mabomba ya majitaka.
4. Panda mvua zinapoanza, Machi au Oktoba.
5. Zungushia miche ua dhidi ya mbuzi, na uimwagilie maji kiangazi.

Mbegu za miti ya asili hupatikana katika taasisi ya KEFRI, Muguga. Kabla ya kupanda, zungumza na jirani wa juu na wa chini. Mto hubomoa pale palipo dhaifu, na pengo la ploti moja huhatarisha zote.