Misitu ya Pwani na Mapatano ya Mataifa juu ya Hewaukaa

Katika vijiji vingi vya nchi yetu limeingia neno jipya, nalo ni MKUHUMI. Herufi hizi zimefupisha maneno marefu, na maana yake ni mpango wa kupunguza hewaukaa itokanayo na ukataji miti ovyo na uharibifu wa misitu. Wengine huita biashara ya kaboni. Na wengine, wakicheka, husema kwamba Wazungu wamekuja kununua hewa. Mzaha huu una sehemu ya kweli, lakini hautoshi. Sisi tukaao pwani, toka Bunju na Mapinga hata Bagamoyo na Saadani, yatupasa kulijua jambo hili vema, maana huenda likaletwa siku moja mbele ya mkutano wa kijiji, na mtu anyoshaye mkono pasipo kuelewa huwafungia watoto wake mkataba wa miaka mingi.

Kwanza tuulize: Mti una shauri gani na hewaukaa? Mti hujenga mwili wake kwa hewa. Majani huivuta hewaukaa, na kwa nguvu ya jua huutenga ukaa, nao hukaa katika shina, matawi na mizizi. Ukikausha gogo, yapata nusu ya uzito wake ni ukaa. Basi gogo kavu la kilo 1,000 lina ukaa wa kilo 500 hivi. Nalo likiteketea lote, hutoka hewaukaa ya kilo 1,800 na kitu. Msomaji atashangaa: Imekuwaje hewa iliyotoka kuuzidi mti kwa uzito? Ni kwa sababu ukaa uunguapo hushikamana na oksijeni iliyomo hewani, nayo huongeza uzito. Hewa hii haionekani wala hainuki, lakini hudumu angani miaka mingi sana, ikizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi nzito.

Sasa tuyatazame mapatano. Mwaka 1997 mataifa yalikutana Kyoto, nchi ya Japani, yakaagana kwamba nchi tajiri zipunguze hewa zao chafu. Katika taratibu zilizofuata, mtu wa nchi maskini aliyepanda shamba la miti aliweza kuhesabiwa kazi yake akalipwa. Bali aliyeulinda msitu wa mababu usikatwe hakuhesabiwa kitu. Mwaka 2005, katika mkutano wa Montreal, nchi mbili, Papua New Guinea na Costa Rica, zilisimama zikasema kwamba jambo hili si haki: nchi izuiayo msitu wake usiangamie nayo ipewe ujira. Neno lao likapokewa. Mwaka 2007 katika Bali likaingizwa katika mashauri ya mataifa yote. Mwaka 2013 katika Warsaw zikakamilishwa kanuni za kupima na kulipa. Na mwaka 2015 likaandikwa katika kifungu cha 5 cha Mapatano ya Paris. Sisi twaona hoja yao ilikuwa ya haki. Ulaya ilikwisha kufyeka sehemu kubwa ya misitu yake tangu zamani, kisha ikachoma makaa ya mawe miaka mia mbili. Haifai mwenye deni kumwambia jirani yake ajinyime bure.

Walakini malipo haya hupimwaje? Hapa ndipo penye ugumu, nasi tutakaa hapa kidogo. Tuseme kijiji fulani kilikuwa kikipoteza hekta 100 za msitu kila mwaka. Wakiweka ulinzi, zikapotea 40 tu, basi zile 60 zilizookoka ndizo zihesabiwazo, na ukaa uliomo ndani yake ndio uuzwao. Lakini ile 100 ya kwanza ni makisio ya mambo ambayo yangalitokea, wala hakuna aliyeyaona. Mwenye kuikuza hesabu hiyo hulipwa kwa hekta ambazo hazikuwa hatarini kamwe. Tena kijiji kilichoutunza msitu wake tangu zamani, ambacho hakijakata, chaweza kuonekana hakina cha kuuza! Kasoro hii imewasumbua wenye kutunga kanuni hata leo.

Tanzania ililiingia jambo hili mapema. Mwaka 2008 nchi ya Norwei ilipatana nasi kutoa hata kroner milioni 500 kwa miaka mitano, na miradi ya majaribio ikaanzishwa katika Kilosa, Lindi, Kilwa, Kigoma, Kondoa, Zanzibar na kwingineko. Hata misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo karibu na Dar es Salaam, ilikuwa na mradi wake. Katika Kilosa, vijiji vilipokea malipo ya kujaribia, nao mkutano mkuu wa kijiji ndio uliokata shauri la matumizi: nyingine watu waligawiwa mmoja mmoja, nyingine zikatengwa kwa kazi za wote. Utaratibu huo twausifu, maana fedha zilihesabiwa mbele ya macho ya watu. Lakini muda wa majaribio ulipokwisha, mahali pengi soko la kudumu lilikuwa halijapatikana, na watu waliokwisha kuacha mashamba ya msituni wakabaki wakiuliza, Ujira wetu uko wapi?

Tukirudi pwani, adui wa msitu twamjua kwa jina: mkaa. Jiji la Dar es Salaam hupika kwa mkaa kwa sehemu kubwa, na tanuri la udongo ni lafi. Magogo ya kilo 100 huweza kutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Wataalamu waliopima misitu kandokando ya jiji walikuta kwamba mwaka 1991 uchomaji mkaa ulikuwa umeenea umbali wa kilomita 20 hivi toka mjini, na mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50 hivi. Ulienda kama wimbi: mbele wakatangulia wakata mbao za thamani, nyuma wakafuata wachoma mkaa. Basi ukifunga msitu mmoja, kama ule wa Ruvu Kaskazini, na mjini watu wangali wanapika, mchoma mkaa huhamisha shoka lake ng'ambo ya pili, na anga haikupata faida yo yote. Tena mchoma mkaa naye ana watoto. Gunia lake hununuliwa leo, malipo ya hewaukaa huja mwakani.

Iko pia mikoko, katika vinywa vya Ruvu na Wami. Zamani boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na hata leo hukatwa kwa nyumba, kwa kuni na kwa kuchoma chokaa. Tope lililo chini ya mikoko hushika ukaa mwingi kuliko miti yenyewe; kwa hiyo hekta moja ya mikoko ni hazina kubwa. Lakini ni ya nani? Wadachi walitunga sheria ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, Waingereza wakaendelea, na mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali hata sasa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake katika ardhi yake, na yaruhusu pia kutunza msitu wa serikali kwa ubia. Bali mbia hawezi kuuza kama mwenye mali, asipokuwa na mapatano yaliyoandikwa.

Ndugu zetu wa Gazi, pwani ya Kenya, walilivuka fundo hili. Kwa mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, uliothibitishwa mwaka 2013, walipatana na idara ya misitu ya serikali yao, wakalinda hekta 117 za mikoko, na mapato yakaleta maji na vitabu vya shule. Tena walipanda mivinje mahali pengine, ili mtu akosaye kuni asirudi kwenye mikoko usiku. Hilo la mivinje twaliona kuwa la akili kuliko yote.

Kwetu serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha hesabu hizo kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Basi akija mgeni na karatasi, wazee wa kijiji wamwulize: Mradi huu umeandikishwa? Mkataba ni wa miaka mingapi? Katika kila shilingi mia, ngapi za kijiji, ngapi za kampuni, ngapi za serikali? Msitu ukiungua kwa moto, hasara ni ya nani? Mchoma mkaa atapewa kazi gani katika mwaka wa kwanza, kabla fedha hazijaja? Nao mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe wote kwa sauti mbele ya mkutano, wanawake wakiwapo, na nakala yake ibaki ofisi ya kijiji.