Taa ya Redio Iliyozimika

Taa ndogo imulikayo kioo cha vituo katika redio ya zamani ya vali ikizimika, wengi husema, “Si kitu, maadamu sauti yasikika.” Kwa redio yenye transfoma maneno hayo ni kweli. Lakini ziko nyingine, hasa zile ndogo za Marekani za miaka ya 1940, zisizo na transfoma. Katika nyingi za hizo taa imeunganishwa na kipande cha waya wa moto ulio ndani ya vali igeuzayo umeme. Taa ikiungua, mzigo wake wote hukiangukia kipande kile, na vali hufa kabla ya wakati wake. Globu ni kitu rahisi. Vali ya zamani ni taabu kuipata.

Kwa hiyo twashauri itengenezwe upesi. Kwanza chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa bati la redio za namna hii laweza kuwa na umeme, nao ni wa kuua. Hata ukiisha chomoa, usiguse nyaya za chini, maana kondensa huweka umeme kwa kitambo.

Toa globu, utazame ushanga ulio ndani yake. Katika globu za Marekani za volti 6.3, ushanga wa kahawia ni alama ya ampea 0.15, na wa buluu 0.25. Fundi akisema volti peke yake zatosha, mtafute mwingine. Tena kwangua kutu tunduni kwanza. Pengine globu ni nzima.