Trekta, Kijiko na Udongo Mwekundu wa Kenyenya

Anayetaka kujenga nyumba Kenyenya huanza kwa kushindana na mlima. Ardhi ya Gusii ni ya vilima na mabonde, mashamba ni madogo, na kiwanja tambarare ni bahati ya wachache. Kabla ya msingi kuchimbwa, sharti udongo ukatwe upande wa juu ili pawe sawa. Kwa miaka mingi kazi hiyo imekuwa ya jembe, sururu na vijana wenye nguvu. Siku hizi mwenye kiwanja akiona trekta ya jirani yenye kijiko mbele, huuliza: kwa nini hii isichimbe?

Inaweza, ila kwa masharti. Trekta inayobeba nusu tani ya kokoto bila kulalamika hufika kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, na kijiko kisiingie hata upana wa kiganja. Dereva hulaumu injini. Mwenye kiwanja humlaumu dereva. Tulifuate jambo hili hatua kwa hatua, tukianza na udongo wenyewe.

Udongo hujishika vipi?

Udongo hukataa kukatwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni msuguano: chembe zinazokandamizana hazitelezi kwa urahisi. Ya pili ni mshikamano, yaani chembe ndogo sana za mfinyanzi kung'ang'aniana hata pasipo kitu cha kuzikandamiza. Rundo la mchanga mkavu lina msuguano lakini halina mshikamano, ndiyo maana kijiko hulipenya bila taabu. Aliyeziweka sababu hizi mbili katika hesabu moja ni Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amejenga ngome katika kisiwa cha Martinique. Aliwasilisha kazi yake mjini Paris mwaka 1773, na wahandisi wanaitumia hadi leo.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kisii ni wa kina kirefu na una mfinyanzi mwingi. Ulitokana na miamba iliyooza kwa muda mrefu sana chini ya mvua nyingi, na wekundu wake ni wa madini ya chuma. Mahindi, chai na migomba huupenda kwa sababu huhifadhi maji na bado mizizi hupita. Sifa hiyo ya kujishika ndiyo inayokisumbua kijiko.

Hesabu ya kijiko na gurudumu

Tuchukue kijiko chenye upana wa mita 1.8, tutake kipenye sentimita 10. Uso wa udongo kinaoukabili ni mita za mraba 0.18. Udongo wa mfinyanzi ulio mgumu kiasi huweza kuwa na mshikamano wa tani 5 kwa kila mita ya mraba. Kwa udongo wa namna hiyo, kanuni ya Coulomb inasema kwamba ili kipande kimeguke, bamba linalousukuma huhitaji takriban mara mbili ya mshikamano, ukizidisha kwa eneo. Basi 2 × 5 × 0.18 ni tani 1.8 za nguvu ya kusukuma.

Trekta itazitoa wapi? Wengi wataonyesha mabomba ya haidroliki. Kweli, silinda yenye kipenyo cha sentimita 6 ina eneo la sentimita za mraba 28, na mafuta yakisukumwa kwa shinikizo la kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, silinda hiyo moja hutoa zaidi ya tani 4. Lakini silinda kazi yake ni kuinua na kukunja kijiko. Kukisukuma kiingie ardhini ni kazi ya magurudumu ya nyuma, nayo hayana nguvu isipokuwa kwa kuishika ardhi. Isaac Newton alikwisha kueleza mwaka 1687: kila msukumo hujibiwa kwa msukumo ulio sawa nao kutoka upande wa pili. Unapousukuma mlima, mlima unakusukuma, na kinachokuzuia usirudi nyuma ni tairi tu.

Tuseme trekta yetu ina tani 2.5 pamoja na kijiko chake, na tani 1.5 kati ya hizo zimelala juu ya magurudumu ya nyuma. Kwenye udongo mkavu ulioshikamana, tairi huweza kusukuma kwa takriban nusu ya uzito ulioilalia. Hapo tunapata kilo 750, huku mlima ukidai kilo 1,800. Injini ya farasi mia haibadilishi chochote. Itazungusha tairi kwa kasi zaidi, basi.

Sasa punguza kina. Kwa sentimita 4, eneo linakuwa mita za mraba 0.072, na nguvu inayohitajika inashuka hadi kilo 720. Trekta inapita, ingawa kwa shida. Hili ndilo somo la kwanza: kijiko cha mbele hukwangua tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba. Anayekizamisha chote kwa pupa anaunguza dizeli na kumaliza tairi.

Mzani wenye ekseli katikati

Tatizo la pili huanza kijiko kinapojaa. Tazama trekta kutoka ubavuni, uone mzani ambao egemeo lake ni ekseli ya mbele: upande mmoja kijiko, upande mwingine magurudumu ya nyuma. Tuseme mzigo ni kilo 500, uko mita 1.5 mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hiyo hadi ya nyuma ni mita 2. Zidisha 500 kwa 1.5, gawanya kwa 2, upate 375. Kilo hizo 375 zimeondoka nyuma na kuhamia mbele. Robo ya uzito uliokuwa ukikupa msukumo imepotea, na ekseli ya mbele imeongezewa kilo 875.

Dereva akikunja kijiko ili kung'oa bonge lisilotaka kung'oka, mambo huzidi: nyuma huinuka na ekseli ya mbele hubeba karibu kila kitu. Katika trekta nyingi za shambani, zinazoendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma, ekseli hiyo iliundwa kwa ajili ya kuelekeza njia tu, na hiyo ndiyo sababu ya pini zake kulika na vyuma kupinda.

Linganisha na plau. Katika miaka ya 1920 Harry Ferguson, mvumbuzi kutoka Ireland, alibuni namna ya kuifunga plau nyuma ya trekta kwa viungo vitatu vinavyoongozwa na haidroliki, hata ukinzani wa udongo ukawa unayakandamiza magurudumu ya nyuma badala ya kuyapunguzia uzito. Trekta ndogo ikaweza kazi ya kubwa. Kijiko cha mbele hufanya kinyume: kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo magurudumu yanayosukuma yanavyopungukiwa uzito.

Mteremko na mvua

Ekseli ya mbele ya trekta nyingi imefungwa kwa pini moja katikati ili ifuate mabonde na matuta. Kwa hiyo trekta husimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini hiyo ya mbele. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu, inapinduka. Kijiko kilichojaa na kuinuliwa juu hupandisha kitovu hicho na kukisogeza mbele, pembetatu inapokuwa nyembamba. Katika miteremko ya Kenyenya, kijiko kibebwe chini, karibu na ardhi. Dereva apande na kushuka akifuata mteremko, asiukate kwa ubavu. Akiwa na mzigo, kijiko kiutazame mlima: apande kwa mbele, ashuke kinyumenyume. Na nyuma pafungwe uzito wa kusawazisha.

Maji nayo hubadilisha hesabu yote. Mvua kubwa ya Machi hadi Mei hulainisha udongo, lakini tairi iliyokuwa ikisukuma kwa nusu ya uzito wake sasa haifikishi hata theluthi, na udongo hunata ndani ya kijiko usitake kumwagika. Ukame wa Januari nao huugeuza kuwa kama tofali. Chukua konzi moja uifinye: ikifanya donge, kisha ikavunjika ukiibonyeza kwa kidole, huo ndio wakati wa kuchimba.

Kiasi cha kazi

Kiwanja cha mita 10 kwa 8 kwenye mteremko unaopanda mita 2 kutoka mbele hadi nyuma kina kabari ya udongo ya nusu ya 2 × 8 × 10, yaani mita za ujazo 80. Mfinyanzi ukichimbwa hufura kwa karibu theluthi moja. Hapo utabeba zaidi ya mita za ujazo 100. Kwa kijiko cha mita za ujazo 0.4, hizo ni safari 260. Lakini ukikata nusu ya juu tu na kujazia nusu ya chini, unakata mita za ujazo 20 pekee, robo ya kazi, na ukuta wa udongo unaobaki una kimo cha mita moja badala ya mbili. Sehemu iliyojazwa ishindiliwe kwa matabaka, na msingi ushuke hadi kwenye udongo usioguswa.

Urefu wa ukuta huo si jambo dogo. Kwa hesabu, udongo wenye mshikamano wa tani 5 ungeweza kusimama wima zaidi ya mita 10. Mvua ikiushusha mshikamano hadi tani 1, kimo hicho hakizidi mita 2.5, na nyufa hukipunguza tena. Ukuta uliosimama imara Februari unaweza kuanguka Aprili bila kuguswa na mtu. Usimruhusu dereva achimbe chini ya ukuta na kuacha udongo ukining'inia juu ya kichwa chake.

Basi mgawanyo wa kazi unaofaa ni huu. Pasipo na mwinuko mkali, plau yenye meno itangulie kuulegeza udongo, kijiko kifuate kuuzoa. Penye mwinuko mkali, sururu na vijana walegeze juu, trekta ibebe chini. Na kama kiwanja ni cha kukatwa kwa kina, kodisha mashine ya kuchimbia yenye mkono mrefu, kwa kuwa gharama ya siku moja ya mashine hiyo ni nafuu kuliko ekseli iliyovunjika. Kijiko cha mbele ni chombo cha kuzoa na kubeba. Ukikitumia hivyo, kitakuhudumia miaka mingi.