SOMO: Kukaa Vema na Watu ni Chemchemi ya Furaha

Mtu aweza kuwa na shamba kubwa, mbuzi wengi na nyumba ya mabati, lakini akikosa amani na jirani zake hana furaha. Asubuhi hupita njia ya mbali ili asikutane na huyu. Usiku hapati usingizi kwa kukumbuka maneno ya yule. Mwingine hana mali, lakini ajua kusalimu, kusikiliza na kuomba msamaha. Naye hula mihogo yake kwa moyo mtulivu. Mungu alimwumba mtu akae na watu. Asiyejua kukaa nao hujiumiza mwenyewe kwanza.

Je, mtu huzaliwa na ujuzi huo? Sivyo. Hujifunza, kama mtoto anavyojifunza kulima.

Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1873. Mwaka wa 1888, akiwa na miaka 15, aliingia nyumba ya watawa wa Karmeli mjini Lisieux. Humo alimkuta mtawa mmoja ambaye kila tabia yake ilimchukiza. Tereza hakumsengenya wala hakumnunia. Kwanza, alimwombea kila alipokutana naye. Pili, alimtumikia kadiri alivyoweza. Tatu, aliposhikwa na tamaa ya kumjibu kwa ukali, alimwonyesha uso wa furaha. Hasira ilipozidi nguvu zake, alikimbia. Siku moja mtawa yule alimwuliza ni kitu gani kilichomvuta hata amchekee hivyo kila mara.

Palikuwa na mtawa mwingine, mzee na mgonjwa, mgumu kupendezwa. Kila jioni Tereza alimwongoza polepole mpaka chumba cha kulia. Alipoona ya kuwa mikono ya mzee inashindwa kukata mkate, alimkatia bila kuombwa. Kwa jambo hilo dogo moyo wa mzee ulifunguka. Naye Tereza aliandika ya kuwa hangekubali kubadilisha furaha ya kazi ile na sherehe za dunia. Alikufa mwaka wa 1897, mwenye miaka 24. Mwaka wa 1927 Papa Pio XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni.

Wengine husema: Kumchekea mtu anayechukiza ni unafiki. La! Mnafiki hucheka ili adanganye. Tereza alicheka ili ashinde moyo wake na kumtendea mwenzake mema. Kupenda si kusikia utamu moyoni. Ni kumtakia mtu mema na kumtendea hayo.

Wala si lazima kunyamazia kosa. Mbuzi wa jirani akila mihogo, mwenye shamba aende kwake, amsalimu kwanza, amweleze shida yake uso kwa uso, asikilize na jibu lake. Asiitangaze kisimani.

Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha ya kuwa mwenye ugomvi na ndugu yake aache sadaka mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Basi mkatekumeni anayengoja ubatizo aangalie: yuko nani kijijini asiyemsalimu?

MAULIZO
1. Tereza alifanya mambo gani matatu?
2. Kucheka kwake na kucheka kwa mnafiki vyaachana namna gani?

NIA
Kabla ya Dominika, kila mkatekumeni amsalimu wa kwanza yule ambaye huwa anamkwepa.