Kalamu ya wino bila vipande vya dukani: nianzie wapi?

Swali: Nimezoea kukereza kalamu zenye mirija ya shaba na vipande vya kununua. Sasa nataka kutengeneza kalamu ya wino tangu mwanzo. Nianze na sehemu gani?

Jibu: Anza na kishikio, kwa kuwa vipimo vingine vyote hukifuata. Nibu nunua ikiwa kamili na kitako chake, kwa mfano JoWo namba 6 ya Ujerumani, pamoja na tepu (kifaa cha kukata hesi za ndani) inayolingana na hesi zake. Kisha kereza mwili, umalizie na kifuniko.

Tumia fimbo ya eboniti au akriliki; hesi nyembamba za mbao humeguka upesi. Kuunga kishikio na mwili, hesi ya M10 x 1 inafaa: toboa mwili tundu la milimita 9, pitisha tepu taratibu, ukirudi nyuma kutoa vumbi. Kifuniko kiwe M13 x 1, tundu milimita 12. Usishuke hadi M12, maana ukuta wa mwili kati ya hesi za ndani na za nje utabaki mwembamba mno na kupasuka. Hesi ya njia tatu hufungua kifuniko kwa mizunguko michache, lakini tepu yake ni ghali. Iache kwa kalamu ya pili.