Jambur: kijiji cha Wasidi na njia za kukifikia

Wageni wengi wanaoshuka Sasan, jimbo la Gujarat, wamefuata simba. Hesabu ya mwaka 2025 ilipata simba 891 katika msitu wa Gir na wilaya za jirani, na porini hakuna simba wengine wa Asia popote duniani. Waone, lakini usiondoke bila kufika Jambur, kijiji kilicho karibu na mji wa Talala, kusini mwa msitu huo. Wakazi wake wengi ni Wasidi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi kutoka mwambao wetu wa mashariki, wakaingia India kwa karne nyingi kama watumwa, askari na mabaharia.

Wasidi ni wachache. Sensa ya 2011 ilihesabu 8,661 tu Gujarat nzima. Kata nyingi za Dar es Salaam zina watu kuwazidi. Wanaongea Kigujarati na wengi ni Waislamu, kwa hiyo "salaam alaykum" itakufungulia mlango zaidi kuliko Kiswahili chako. Hapa ndipo nyumbani kwa Hirbai Lobi, aliyewaunganisha wanawake wa kijiji katika ushirika wa kutengeneza mboji na kuweka akiba. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2023.

Kutoka Nairobi na Dar es Salaam panda ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai, kisha uendelee hadi Ahmedabad. Viza huombwa mtandaoni, na anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana bila hicho unaweza kuwekwa karantini. Ukishafika Ahmedabad, treni ya usiku itakushusha Veraval asubuhi. Kata tiketi mapema. Siku za sherehe ya Diwali nafasi huisha haraka sana.

Kutoka Veraval au Junagadh yapo mabasi ya serikali ya jimbo hadi Talala. Ukiwa na muda, chagua treni ya reli nyembamba ya zamani inayokatiza msituni kupitia Sasan. Ni ya polepole na haina anasa, ila dirisha liko wazi na misaji iko karibu kiasi cha kuigusa kwa mkono.

Talala hadi Jambur ni mwendo mfupi. Bajaji zipo, lakini tafuta chakdo: mbele ni nusu ya pikipiki na usukani wake, nyuma ni bodi lenye mabenchi, na injini ya dizeli inanguruma kiasi kwamba mnaongea kwa kupaza sauti. Huondoka ikijaa. Ulizia mapema gari la mwisho la kurudi, kwani baada ya Magharibi utalazimika kukodi.

Usiende kama mtu anayekwenda kutazama maonyesho. Hoteli za Sasan huwaalika Wasidi kucheza goma, ngoma yao, mbele ya watalii, kwa malipo, na hiyo ni kazi yao halali. Kijijini mambo ni tofauti. Ngoma hizo ni za ibada kwa mawalii wao, hasa Bava Gor, na mchezaji akishapandwa na mdundo hurusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukialikwa kuketi, keti. Kunywa chai yao na uwaeleze umetoka wapi. Watataka kujua kuhusu Afrika, na hilo ni swali la ndugu.

Majira mazuri ni Desemba hadi Februari. Hifadhi ya Gir hufungwa kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba kwa ajili ya mvua, ingawa kijiji kiko nje ya mipaka yake. Pombe imepigwa marufuku Gujarat, usibebe. Na kama huogopi joto, njoo Mei: soko la Talala hujaa maembe ya kesar, yanayouzwa kwa masanduku ya kilo 10.